Athumani Ashika Usukani Ziwa Alberti

Butiaba, Uganda

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi na kaka Athumani tu wazima, alhamdulillahi. Jana alinipandisha meli anayoifanyia kazi, tukavuka ziwa kutoka huku Uganda hadi ng'ambo ya Kongo. Ziwa ni kubwa mno, mama, na maji yake hayana chumvi hata chembe.

Tulipofika kati, upepo ulishuka milimani na mawimbi yakaruka hadi juu ya sitaha. Nahodha, Mzungu mtu mzima, akamwita Athumani na kumpa usukani. Bibi mmoja wa Kikongo, muuza samaki, alikuwa amening'ang'ania mkono.

"Yule kijana anaijua kazi?" akaniuliza.

"Ni ndugu yangu," nikamwambia. "Sisi ni watu wa Likoni."

Yule bibi Likoni haijui, lakini aliniachia mkono.

Tulipofika salama, abiria walimwendea Athumani kumshukuru, na yule bibi akampa sangara mzito wa kubebwa na watu wawili. Nilisimama kando nikitokwa na machozi ya furaha.

Wale majirani waliosema bara imekunyang'anya mwana, waite barazani wasomewe kadi hii.

Nakubusu mikono,
Mwanaisha