Nyuzi Mpya za Ukulele

Jumatatu, 19 Machi 1956
Chai, kisha nyuzi za ukulele, gitaa langu dogo. Siku ya tano tangu nitoe zile za utumbo wa kondoo na kutia hizi za nailoni, zilizokuja kwa gari la moshi kutoka Mombasa. Uzi mpya hurefuka. Ukiukaza leo, kesho umelegea na sauti imeshuka. Haukazwi kwa pupa. Hukazwa kidogo, huvutwa kwa kidole, hukazwa tena, siku saba au nane. Ndivyo nilivyowaeleza wanakwaya. Nikamweleza na Wakesho, mke wangu, ambaye hakuuliza.
So, do, mi, la. Zote chini. Nimezipandisha.

Jumatano, 21 Machi
Chini tena. Labda ni joto la Voi. Kule Mwanda milimani nilikozaliwa mbao hazisumbuki hivi. Sina raha. Kanisa letu halina kinanda. Kwaya huanza kwa noti ninayoipiga mimi. Do hiyo nimeibeba kichwani tangu chuo cha ualimu. Nilipostaafu niliacha shule, viboko na chaki. Kwaya nikabaki nayo. Sina kingine. Sitaki kuipoteza kwa sababu ya nailoni.

Ijumaa, 23 Machi
Siku ya tisa. Zilipaswa kutulia. Wakesho, akichambua kunde mlangoni: "Baba Mghoi, unazikaza kama kamba ya mbuzi mtoro. Zimetulia tangu juzi." Nikamweleza tofauti ya sauti nzima na nusu sauti. Akasema somo hilo amelisikia tangu tuoane.
Nimekasirika. Nimezipandisha.

Jumapili, 25 Machi. Mitende
Aibu. Nilipiga do, kwaya ikaanza. Kufika ubeti wa pili, wanawake wa sauti ya kwanza walikatika mmoja baada ya mwingine. Mama Shali alibaki kinywa wazi, hakitoki kitu. Watoto walicheka. Mchungaji alitazama sakafu.
Nje, Elija, karani wa stesheni anayeimba besi: "Mwalimu, leo umetupandisha mlima Vuria bila fimbo!" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Nililaumu nyuzi.

Jumanne, 27 Machi
Elija alikuja na kinanda chake cha mdomo. Nadhani Wakesho alimwita. Akapuliza do. Nikamwambia kibovu hicho, kimeshuka. Akapuliza tena, akanitazama. Ndani yake mna vibamba vya shaba. Shaba haishuki kama uzi. Nimewafundisha watoto jambo hilo mwenyewe, miaka mingi.
Wakesho akachukua ukulele. Akalegeza uzi wa pili mpaka Elija akaitikia kwa kichwa: sawa na kinanda. Akaupiga. Niliziba sikio la kushoto: sauti iko chini. Niliziba la kulia: iko chini zaidi. Tukarudia. Uzi mmoja, masikio mawili, sauti mbili, na hakuna hata moja iliyo do niijuayo.
Kwa hiyo nyuzi zilitulia zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipandisha kila siku.
"Pengine ni mafua yameziba masikio, Mwalimu," Elija akasema.
Sina mafua.

Alhamisi, 29 Machi
Nimemkabidhi Elija ukulele, na kwaya. Nikamweleza asiuache juani, apanguze jasho kwenye nyuzi, asikaze kwa pupa. Alisikiliza mpaka mwisho, ingawa yote anayajua. Wakesho alimsindikiza mpaka barabarani. Walikawia huko wakizungumza. Sikutaka kujua.
Sikula.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka
Mvua kidogo alfajiri. Nilikaa benchi la nne, kando ya Wakesho. Sikuwahi kukaa hapo. Kutoka pale kwaya huonekana ndogo.
Elija alipiga noti. Kwangu ilikuwa ya chini mno, karibu nisimame. Wakaimba beti zote nne. Mama Shali alifika juu bila shida. Niliona shingo yake imetulia. Watu walikuwa wakifuta machozi.
Nilifungua kitabu. Niliimba polepole, kwa sauti ndogo, nikitazama midomo ya Wakesho.