Matairi ya Lazaro na Debe la Ulanzi

Basi Binamu Lazaro, tuendelee pale nilipoachia jana kaburini, kabla mvua haijanifukuza. Kamwene kwanza, nisije nikasahau salamu. Leo niko nyumbani kwako, nimekalia kigoda chako bila kuomba ruhusa, na kalamu nimeazima kwa katekista. Ulizoea kusema mwandiko wangu ni kama kuku aliyekanyaga majivu. Utasoma hivyo hivyo, huna la kufanya sasa.

Nilikuwa nakueleza habari za msiba wako. Mimi mtani wako, mtoto wa shangazi yako, ulifikiri nitakaa kwenye mkeka nalia kama wengine? Nani angekutukana? Walipokuwa wanapigilia sanduku misumari nikaingia ndani, nikatoa baiskeli yako, nikavaa tairi kuukuu shingoni, nikaanza kutembea kama wewe, tumbo mbele, nabonyeza tairi kwa dole gumba, nalinusa, nasema kwa ile sauti yako ya puani, "Hili la karani. Hili la ng'ombe. Mimi mnaniona karani au ng'ombe?" Watu walicheka mpaka mama yako mdogo akashika mbavu. Hata wifi Anjela, mke wako, alicheka, na alikuwa hajafungua mdomo tangu homa ya mapafu ikuchukue. Nikajisemea, kazi yangu nimeifanya. Halafu nikaenda nyuma ya jiko. Nilichofanya huko hakikuhusu.

Kaka yako Filimoni akaja na kuku anikomboe, ndiyo desturi, mtani apewe kitu aachie mali ya marehemu. Kuku mwenyewe kakonda kama amefiwa yeye. Nikamwambia peleka kuku wako akale. "Dorotea," akasema, "utani una mwisho." Nikamwambia, "Nionyeshe ulipo nikaukalie."

Maana nilikuwa nimesikia. Masikio yangu unayajua. Filimoni alishasema kilabuni kwamba siku ya kugawa vitu vyako baiskeli ataichukua yeye, mwanamke na baiskeli vimejuana wapi. Sasa Anjela bila baiskeli angefikishaje ulanzi mjini? Abebe debe kichwani kutoka huku Kilolo mpaka Iringa? Angefika umeshakuwa mkali, hata mlevi angekunja uso. Na hiyo pombe ya mianzi ndiyo inayowalisha wanao, wewe unajua. Basi nikapanda juu ya kinu, mbele ya wazee wote, nikasema mimi mtani natoa neno. Baiskeli inakaa kwa Anjela mpaka siku ya kugawa. Siku zikikaribia, Filimoni apeleke debe moja la ulanzi mjini kwa baiskeli hiyo, na Anjela apeleke debe moja. Atakayefika na debe lililojaa, yake. Wazee wakacheka, wakasema mtani kasema. Filimoni naye akacheka, akakubali mbele ya watu, kwa sababu aliona yale matairi yako yamekwisha mpaka nyuzi zinachungulia. Alijua yeye ana pa kuazima matairi, wifi hana la kufanya.

Wifi akauza mahindi, tukaenda mjini na baiskeli kutafuta matairi.

Binamu, ungekuwepo. Mwenye duka akatutolea jembamba, laini, linang'aa, akasema hili linakimbia lenyewe. Akatoa jingine lina meno makubwa kama ya lori. Mimi moyo wangu ukaenda kwa lile la lori. Nikasema wifi, hili hata jiwe litaliogopa. Nikapiga kelele dukani mpaka akakubali, ili ninyamaze tu nafikiri. Fundi pale barazani akalifunga. Kulizungusha, gurudumu halizunguki. Meno yamekwama kwenye madigadi, na hapo hata tope halijaingia. Fundi akaniangalia, akasema, "Mama, labda umbebe wewe huyu farasi." Duka zima likacheka. Mwenye duka mwenyewe akacheka, kwa hiyo akakubali tubadilishe, kwa kuwa halijagusa barabara.

Hapo wifi ndipo aliponishangaza. Yeye anayesema maneno mawili kwa wiki akamwambia fundi, "Baba Lukasi alikuwa na barabara mbili na baiskeli moja." Akaanza kuchagua. Nikasema, kumbe. Kumbe zile siku ulizokuwa unatuchosha na habari za Mbeya, ulivyokuwa unaleta mchele wa Chimala, ulivyolala Iyunga na pancha, sisi tunasinzia, huyu alikuwa anasikiliza. Jembamba akaliweka pembeni, akasema kwenye changarawe linaruka na kuteleza. La meno kila mahali akasema kwenye barabara ngumu linanguruma, linakuvuta nyuma. Akachukua la katikati, nene kiasi, mgongoni lina mstari laini wa kukimbilia na pembeni vijino vya kushikia kwenye kona. Akabonyeza ubavuni kwa dole gumba. Akanusa, Binamu. Akanusa kabisa kama wewe.

Nikatoka nje kidogo. Vumbi la mjini baya sana.

Sasa juzi ikawa zamu ya Filimoni, yeye mkubwa akasema atangulie. Matairi yako mapya, kila kitu kizuri. Akachukua pampu akajaza upepo mpaka tairi likawa jiwe, ukiligonga linalia. Anjela akamwambia, "Shemeji, umejaza sana." Akajibu, "Shemeji, mimi nimepanda baiskeli kabla hujavaa gauni." Haya. Debe kwenye karia, mdomo umezibwa kwa majani, akaondoka anapiga kengele kama bwana shauri.

Wewe unaujua ulanzi wa asubuhi, ulivyo mchanga na hasira. Changarawe kutoka huku kwetu ikawa inarusha lile gurudumu gumu, gurudumu linarusha debe, ulanzi ukaanza kutoa povu. Watu wa mashambani walimwona anapita, mgongo wote umelowa, majani yamefyatuka, nzi wanamsindikiza, mbwa wanamfuata kwa heshima zote. Alifika kilabuni mjini debe likiwa chini ya nusu. Mama mwenye kilabu akamuuliza, "Huu umeuleta au umeuoga?" Hayo sikuyaona, lakini nimeyapata kwa watu watatu na wote wanasema sawa, kwa hiyo ni kweli.

Leo ni zamu ya Anjela. Amevaa lile koti lako, amekunja mikono. Alfajiri nilimshikia baiskeli hapa uani. Akafungua valvu akatoa upepo, fuuu, akabonyeza, akatoa tena kidogo, mpaka tairi likawa linakaa chini kama mtu aliyeshiba. Nikamwambia wifi utakwama mlimani. Akasema hapana, "Nikifika Ipogoro, barabara ngumu inapoanza, naweka debe chini, najaza upepo ndipo napanda mjini. Ndivyo alivyokuwa anafanya." Pampu akaifunga kwenye bomba la baiskeli. Akaenda polepole, mpaka kona ilipomficha, kwenye mashimo anashuka anakokota, debe halisemi neno. Filimoni alishatangulia kwa lori la mbao akamsubiri kilabuni, ati aone kwa macho yake.

Mimi nimebaki na wanao. Nimepika, nimefagia, nimegombana na jirani kuhusu mbuzi wake, na bado jua halisogei. Ndiyo maana nakuandikia. Nikinyamaza naanza kuwaza, je akianguka pale kwenye daraja la miti? Je likipasuka? Kesho ndiyo wanagawa. Filimoni si mtu mbaya, unamjua, ni kiburi tu na kupenda kuonekana, lakini baiskeli ikienda kwake ataiendea kanisani na mahali pa kuonekana, na wanao watakula kengele.

Lukasi wako sasa anakohoa kama wewe ukitaka kusema uongo. Mdogo wake bado anaamini umeenda Mbeya. Sijamrekebisha, mama yake ndiye atasema. Mimi nimekosa mtu wa kutukana, ndugu yangu, mnyalukolo wangu. Namtukana Filimoni lakini anakasirika, hakuna ladha. Wewe ulikuwa unanirudishia mpaka nakosa la kusema, na mimi kukosa la kusema unajua ni...

Subiri. Kuna mtu anaita kule njiani. Ni Filimoni. Anasema, "Dorotea, njoo upokee chumvi na mafuta ya taa ya shemeji, mimi mikono yangu miwili iko kwenye baiskeli yake."

Binamu, amesema yake, ya wifi, basi debe limefika limejaa. Anaikokota yeye, wifi anatembea mbele mikono mitupu, anatabasamu.

Lala salama, mwenye pua. Wanao nitawatazama, na mkeo nitamlinda kwa mdomo huu huu uliokuwa unakuchosha. Ananiita tena, chumvi inaloa mafuta ya taa.