Kipikapu cha Rangi ya Maziwa

Shemeji yangu,

Kipikapu ulichotuma kimefika, ila kioo chake kimoja cha pembeni kilikuwa kimeng'oka. Kaka yako alikigandisha mwenyewe kwa gundi, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, na sasa kimeegeshwa kabatini pamoja na vile vingine vya chuma. Tangu astaafu udereva akaanza kukusanya vigari vya mfano wa pikapu za zamani, vyombo vyangu vinalala chini ya kitanda. Nifanyeje? Nimeolewa na gereji.

Hapa tupo. Bomba la jikoni bado linavuja, na magoti yangu ndiyo hayo unayoyajua. Kila asubuhi anavifuta vigari vyake kwa kitambaa cha miwani huku akivisimulia: hii gia yake ilikuwa kwenye usukani, ile ilipanda mlima na mzigo wa saruji bila kukohoa. Hakosei hata moja.

Nimechoka, shemeji, sikufichi. Jana nilikaa karibu yake nikimenya viazi. Akanitazama kwa ile adabu aliyokuwa nayo kwa abiria, akaniuliza, "Mama, unaelekea wapi? Panda mbele, nafasi ipo."

Nikamwambia naenda nyumbani kwa mume wangu.

"Haya," akasema, "ila itabidi unielekeze njia."

Wewe bado anakutaja kwa jina. Njoo angali anakujua. Vigari vimetosha.

Ni mimi,
mke wa kaka yako