Mtu Tuliyemkalia Dukani

Mpendwa Nekesa,

Natumaini mguu wa Nyanya umepata nafuu. Huku Kapsoya Mama ni mzima, nami nasomea mtihani.

Umeuliza kwa nini Baba aliacha kazi ya dukani. Mwaka jana mwanamume mmoja alikamatwa pale akitoka na mafuta ya kupikia ndani ya koti. Watu wakaanza kuokota mawe. Baba akawazuia: "Hapigwi mtu hapa! Tumkalie tu mpaka polisi waje." Sote tuliona hiyo ni huruma. Mwanamume huyo alilazwa kifudifudi, Baba na wateja wawili wakamkalia mgongoni, mimi nikashika miguu.

"Wazee, kifua," alisema.

"Ulipoiba hakikuuma?" mteja mmoja akamjibu, watu wakacheka.

Alirusha miguu kwa nguvu, kisha ikalegea. Nilifurahi. Nikamwambia Baba, "Ametulia sasa." Tukaendelea kumshikilia hadi polisi walipofika, na ni wao waliotuambia amekufa.

Ukikuta mtu ameshikwa hivyo, waombe wamketishe apate kupumua.

Baba aliulizwa mambo mengi kituoni. Hajamwambia mtu yeyote kwamba ni mimi niliyesema ametulia.

Dada yako,
Naliaka