Albamu Uliyoingoja

Baba, shikamoo.

Ile albamu imetoka. Ulipaswa uwe wa kwanza kuambiwa, nami nimekaa na neno hili tangu masika yaishe kwa sababu sina pa kulipeleka.

Nakuandikia nikiwa dukani Chemchem, kwenye kiti chako. Cherehani nimeisogeza mlangoni nipate mwanga. Wateja wa kanzu bado wanakuja, na wengine hawajui. Juzi mzee mmoja kutoka Nzega aliuliza fundi yuko wapi. Niliitazama cherehani yako, akaelewa mwenyewe, akavua kofia. Msikitini adhana uliyokuwa ukiitoa wewe anaitoa kijana mmoja siku hizi. Ana sauti nzuri, Baba, siwezi kumsingizia. Ila Mama, kabla hajaondoka, ikifika adhuhuri alikuwa akiingia jikoni kupanga vyombo ambavyo vimeshapangwa.

Unakumbuka uliporudi kutoka hospitali? Hospitali yetu ya Kitete walikuwa wametuandikia rufaa, na huko mbele wakasema uvimbe wa koo hautoki bila kutoa na kisanduku cha sauti. Wewe uliyewaamsha watu wa mtaa huu miaka yote, ukarudi na tundu shingoni na kitambaa cheupe cha kulifunika. Nilikuwashia redio nikidhani nakuliwaza. Zikapigwa nyimbo za dansi za zamani, zile ulizozoea kuzifuatisha ukishona. Midomo yako ikaanza kwenda na maneno. Hakikutoka kitu. Ukaiinamia kanzu uliyokuwa ukishona, mguu ukaacha kukanyaga, mabega yakawa yanatikisika.

Siku ile ndipo nilipoanza kutafuta muziki usio na maneno. Nikaangukia wale vijana wa ng'ambo, ambao hata jina la mji wao siwezi kulitamka. Gitaa, ngoma, vinanda vya umeme, kompyuta. Mwimbaji hakuna. Mmoja anapiga kitu kidogo kama anapapasa, mwingine anakidaka, wanakwenda nacho mbali mpaka unadhani wamepotea, halafu wanarudi wote pamoja. Nilikuvalisha hedifoni sikio moja, upande wa pili nikavaa mimi. Ulisikiliza bila kupepesa. Kisha mguu ukarudi kwenye kanyagio. Tulishona hivyo hadi alasiri, wewe ukiifuata ngoma, na ulipohisi wanakaribia kugeuza mdundo ulinyanyua kidole. Hukukosea mara nyingi.

Mama hakuupenda, alisema ni makelele ya mashine ya kusaga. Baba Mkubwa ndiye aliyekasirika hasa. Alipotukuta alisema muadhini na vinanda ni aibu kwa ukoo mzima. Wewe ukavua hedifoni yako ukamnyooshea. Akaikataa, akaondoka bila kumaliza kahawa. Ulichukua chaki ya kukatia nguo, ukaniandikia kwenye kipande cha kitambaa cheusi: "Hawana mwimbaji, na hakuna anayemtafuta." Nilicheka nikidhani unatania. Wewe hukucheka. Ukayafuta maneno kwa kiganja.

Walipotangaza kwamba wanatengeneza albamu mpya, ukawa unaniuliza kila asubuhi kwa kugusa sikio lako. Bado, Baba. Hata mara ya mwisho, wodini Kitete, mkono ukiwa mzito, uligusa sikio. Nikasema bado.

Ilitoka Mama akiwa ndani ya eda. Niliiona kwenye simu, nikailaza simu kifudifudi, nikaendelea kushona. Kuisikiliza bila wewe... sikuweza.

Eda ilipokwisha Mama alifunga mizigo arudi kwao Ziba, kwa mjomba. Alisema kimya cha nyumba hii kinamkaba, huko angalau kuna ng'ombe wa kumwondolea mawazo. Siku moja kabla ya safari alikuja dukani, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniuliza kama ule muziki uliokuwa ukiungoja umeshatoka. Nikamwambia ndiyo, ila sijausikiliza.

"Basi uweke tusikie," alisema.

Niliunganisha spika ndogo, nikaegesha mlango kwa heshima ya majirani. Ilianza polepole. Ngoma ilipoingia nikajikuta nakanyaga cherehani isiyo na nguo chini ya sindano. Mama alitazama sakafu. Tukaenda hivyo, kipande baada ya kipande, mpaka kikaja kimoja kizito, na katikati yake ikatokea sauti ya mtu. Mwanamke. Hakuwa na maneno, alikuwa akivumisha tu sauti kwa mdomo uliofumbwa. Wamemtafuta mwimbaji, Baba. Nilihisi kama wamekugeuka. Nikazima.

Mama aliniuliza kwa nini nimezima. Nikamwambia wewe usingeipenda sauti ile.

Alifinya ncha ya khanga. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kwamba kila alfajiri, kabla ya adhana ya msikitini, ulikuwa ukisimama kando ya kitanda, ukaelekea kibla, ukaweka mikono masikioni, ukaadhini adhana yote toka mwanzo hadi mwisho. Pumzi tu, ikitokea kwenye tundu la shingo.

"Nilikuwa naifuata neno kwa neno," alisema. "Nikajifanya nimelala, asije akaona haya akaacha."

Niliurudisha wimbo. Tulimsikiliza yule mwanamke mpaka akamaliza. Mama alilia mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, nami sikumnyamazisha, maana na mimi nilikuwa nalia. Umeme ukakatika albamu ikiwa nusu. Hatukuungoja urudi. Tukafunga duka.

Sitakudanganya kwamba moyo wangu umetulia. Mama ameshaondoka, na jioni nikifungua mlango wa nyumba nasimama kwanza kizingitini, kama mgeni. Nawaza zile alfajiri zote. Nililala chumba cha pili, ukuta ni mmoja, na sikusikia.

Nakuahidi hivi, Baba. Nusu iliyobaki sitaisikiliza peke yangu. Nikimaliza kanzu za Idi nitakwenda Ziba, nitalala chumba kimoja na Mama. Na alfajiri nikijua yuko macho, sitajifanya nimelala.

Kwa heri, Baba yangu. Mola akupanulie hapo ulipolala, na akupokelee kila neno ulilolitoa bila sauti.

Mwanao,
Zuhura