Kiuno cha Sketi ya Biira

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeshona zipu tatu na gomesi moja, gauni la kina mama. Biira, miaka kumi na moja, binti wa jirani yangu anayeuza mihogo hapa sokoni Bwera, kaleta sketi ya shule. Inamvuka kiunoni. Kiuno cha inchi 24 kimekuwa 22. Nikamtania kwamba anatafuta umbo la bibi harusi. Nimeibana. Mshono umekaa vizuri, nimejisifu.

Jumatano, 19 Machi
Sketi imerudi. Inchi 20! Nimepima tena. Ni 20. Mtoto kanywa maji yangu vikombe vinne, kaenda chooni mara mbili. Mama yake anasema ni minyoo. Sikutania. Naogopa.

Alhamisi, 20 Machi
Afande Muhindo, mwanajeshi mstaafu, kaja kuchukua suruali. Ana sukari miaka mingi, kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Hujipima kwenye benchi langu watu wakimtazama, wala haoni aibu. Nampendea hilo. Nikamwonyesha daftari la vipimo. Hakukaa. Akamwita Biira, akafungua sindano mpya.

Mama Biira akamzuia. "Afande, sukari iko ya bazee. Huyu iko mutoto."

"Sukari haiulizi miaka. Leta kidole."

Mashine yake ya kupimia haikutoa namba. Iliandika tu kwamba sukari imezidi. Afande akasimamisha boda mbili. "Hospitali. Sasa." Akaenda nao, na mguu wake ule.

Nimebaki na sketi mkononi. Najichukia. Nilibana nguo, sikuuliza.

Ijumaa, 21 Machi
Hakuna habari. Kola moja nimeishona kinyume mara mbili.

Jumamosi, 22 Machi
Yuko hai. Daktari kasema siku moja zaidi ingekuwa nyingi. Afande hajarudi kwake tangu juzi, yuko kwenye benchi la wodi. Mtu huyu.

Jumapili, 6 Aprili
Baada ya misa Afande kasimama mbele ya wazee na watoto, kataja dalili za sukari: kiu, mkojo, kukonda. Biira akaonyesha anavyojichoma insulini. Kisha mama yake, mwenye haya kuliko sisi wote, akainuka. "Nilisema iko ya bazee. Iko ya bote." Nimelia kanisani.

Jumanne, 29 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Wateja wachache. Biira kaleta sketi, inambana. Kiuno kimerudi inchi 24. Nimefumua ule mshono niliojisifia. Ulikuwa imara, umenichukua muda.