Ratiba Yako Nairudisha

Chumba namba 14, ghorofa ya tatu,
Jumapili, saa tisa alasiri.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Shikamoo tena, maana najua ya kwanza umeipokea ukiwa umekunja uso. Mimi mwanao sijambo. Kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona, viatu vimeanza kulika visigino, na nimenenepa kidogo, kwa hiyo mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Nami naomba habari zenu. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, ameacha kubeba ndoo mbili kwa mpigo kama daktari alivyomkataza, au bado anajifanya hasikii? Bibi naye mpe shikamoo yangu. Mwambie nakula kwa mkono wa kulia, asije akapandwa na presha bure.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwenye ngazi na mfuko wa viazi mkononi. Umeandika kwamba rafiki yako mwenye duka la miwani, aliyekuja huku kumtembelea ndugu yake, aliniona siku ya Jumanne, saa nane mchana, ndani ya shimo la ujenzi, kofia ya plastiki kichwani, katikati ya wanaume, natafuna mkate na kucheka. Umeandika kwamba Jumanne saa nane ratiba inasema maktaba. Umeandika kwamba hukunipeleka huku nikahesabu nguzo za taa, na kwamba nichague moja: niweke sahihi chini ya ratiba mpya uliyoambatanisha na kuirudisha kabla ya mwisho wa mwezi, au nifunge sanduku nirudi, kwa kuwa kuzurura hata nyumbani kunawezekana. Hilo la mwisho lilinichekesha, nisamehe. Mengine hayakunichekesha, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu zako nazijua. Unauliza kama nimesoma, najibu nimesoma, unasema vizuri, unampa Mama.

Kwanza, mwenye miwani hakukudanganya. Macho yake ni mazima, na ingekuwa aibu yasiwe mazima. Nilikuwa shimoni, mkate ulikuwa mkononi, na nilikuwa nacheka. Wala haikuwa mara moja. Kila Jumanne mchana na kila Jumamosi kutwa nzima hunikuti chumbani wala maktaba. Natoka. Nakwambia mwenyewe ili asitokee mwingine akajisumbua kukuletea habari.

Pili, nakuomba tukumbushane mambo yalivyoanza. Siku niliyoondoka ulinipa ratiba uliyoipiga kwa rula kwenye karatasi ya grafu, rangi nne, ukasema ndiyo ileile uliyoifuata wewe ulipotumwa kusoma katika mji huuhuu, kabla sijazaliwa, ukarudi na cheti ambacho mpaka leo kimetundikwa sebuleni juu kuliko saa ya ukutani. Nilijivunia kupewa kitu kile. Saa ya kufua ipo. Dakika ishirini za kupumzisha macho zipo. Saa ya kuandika barua nyumbani ipo, Jumapili saa tisa, na nakuandikia saa hiyohiyo, usije ukasema sina adabu. Saa ya kutoka nje haipo. Niliibandika juu ya kitanda na muhula wote wa kwanza sikuruka hata mstari. Mama mwenye nyumba alidhani nina msiba. Siku moja alibisha hodi akiwa na bakuli la supu, akaniuliza taratibu kama kuna mtu amenifia.

Sasa tazama matokeo. Muhula huo nilifeli somo la udongo. Barua ya chuo ilikufikia, nawe ukasema bila kuuliza kwamba ni kwa sababu ya kuzurura. Baba, muhula ule sikuzurura hata nusu saa. Mji huu niliujua kwa njia moja tu, kutoka mlangoni mpaka darasani, dakika kumi na mbili, kichwa chini. Kitabu cha udongo nilikisoma mpaka kurasa zikalegea, nikapata thelathini na nane. Mtu anasomea kujenga misingi ya majengo, na shimo la msingi hajawahi kulitazama!

Siku matokeo yalipobandikwa nilivaa viatu nikatoka. Sikutoka kwa furaha, nilitoka kwa hasira, na mahali pa kwanza nilipokwenda ni darajani, kumsalimia yule mtu wa jiwe. Unakumbuka ni kwa nini. Nilikuwa na miaka sita. Bibi alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, akakifunga kwenye mkanda wa gauni, ili nijifunze kuandika kwa mkono wa kulia kama watu. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Ukaingia ukitoka shuleni, chaki bado ziko vidoleni, ukafungua fundo lile. Halafu ukamwambia Bibi kwamba katika mji mkubwa uliosoma kuna daraja, na kwenye daraja kuna mtu wa jiwe, mrefu kuliko nyumba yetu, na mtu huyo ameinua mkono wa kushoto, na mji mzima hupita chini yake asubuhi na jioni, hakuna anayemwambia aushushe. Ukasema ulisimama pale mwenyewe ukampungia. Bibi alikikunja kitambaa chake akatoka. Tangu siku hiyo watoto wa mtaa wakiniita Mashoto nilikuwa naitika kwa sauti. Nawe ukamchora ubaoni kila mwaka, darasa baada ya darasa, mpaka hakuna mtoto aliyepita mikononi mwako asiyeweza kumchora.

Nilifika darajani. Niliyoyakuta pale nitayaandika chini, nikishavuta pumzi. Kwa sasa ujue tu kwamba sikuweza kurudi chumbani, nikawa natembea bila kuchagua njia, mpaka nikafika kwenye uzio wa mabati wenye tundu. Ndani kulikuwa na shimo la kuingia nyumba nzima. Nilichungulia muda mrefu hata msimamizi wa kazi, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu nimepoteza alama sitini na mbili. Alicheka mpaka akashika mabati. Nilipomweleza ninachosomea akaniletea kofia, akanishusha kwa ngazi, akanionyesha ukuta wa shimo jinsi udongo ulivyopangika, mchanga juu, chini yake mfinyanzi wa kijivu, chini zaidi changarawe inayotoa maji. Akachukua donge la mfinyanzi akaliviringisha kiganjani likawa uzi mwembamba. Akasema nami nijaribu, uzi ukikatika mapema udongo umekauka mno, ukikataa kukatika una maji mengi mno. Kitabu kinatumia kurasa tisa kusema hilo.

Tangu hapo kila Jumanne nipo. Siku mwenye miwani aliponiona, uzi wangu ulikuwa umekatika mara ya saba na fundi mmoja alikuwa ameniambia nisiolewe na mtu anayependa chapati. Ndicho nilichokuwa nakicheka. Mtihani wa marudio nimepata sabini na nne. Karatasi ya chuo iko humu ndani ya bahasha, ina muhuri, usinitumie mtu kuja kuhakikisha.

Jumamosi ni jambo jingine, na kwa Jumamosi sina kisingizio. Natembea kwa sababu napenda. Napanda basi lolote mpaka linapogeuzia, nashuka, narudi kwa miguu. Nimeona mtaa ambao maduka yote yanatengeneza saa na hakuna hata mbili zinazokubaliana. Nimeona ngazi ndefu ambayo wenyeji huipanda wakiwa wamebeba baiskeli begani, eti ni njia ya mkato. Nimewauliza njia watu wasionijua, wakacheka matamshi yangu, nikacheka nao, nikafika. Mara moja nilichelewesha zoezi la hesabu kwa ajili ya matembezi hayo nikakatwa alama tano. Kosa lilikuwa langu, na sasa mazoezi yote nayamaliza Ijumaa kabla ya jua kuzama. Lakini kwa kutembea kwenyewe sitaomba radhi, Baba, hata ukiandika barua kumi.

Sasa turudi darajani. Nimechelewesha vya kutosha.

Baba, yule mtu wa jiwe ameinua mkono wa kulia.

Nilimtazama kwa mbele, nikamtazama kwa nyuma, nikavuka ng'ambo nikamtazama tena, nikiomba niwe nimechanganyikiwa. Nilimuuliza askari wa barabarani kama aliwahi kubomolewa akajengwa upya. Akaniambia amesimama hivyohivyo tangu enzi za babu yake. Nililia pale mbele za watu, mtu mzima mimi. Nilijiambia labda umesahau, miaka ni mingi. Lakini wewe husahau? Wewe unayekumbuka alama za wanafunzi ambao sasa wana wajukuu?

Jibu nililipata Jumamosi moja kwa mzee anayeuza postikadi kuukuu kwenye kibanda karibu na stesheni. Nilipomtajia daraja alitoa moja akaanza kucheka kabla hajanipa. Akasema toleo lile lilichapwa kinyume, mchapaji aligeuza picha, hata maandishi ya duka la pembeni yanasomeka upande usio wake ukiangalia kwa karibu. Wenyeji walikataa kuzinunua, kwa hiyo zikapelekwa kuuzwa kwenye mabweni ya wanafunzi wageni, ambao hawakujua tofauti. Niliisogeza mwangani. Alikuwa yeye, yule wa ubaoni kwako, na mkono wa kushoto juu.

Nilimpigia Mama nikamwomba atazame kwenye lile kopo la biskuti analowekea barua zako za ujana. Usimlaumu, mimi ndiye niliyemng'ang'ania. Alikwenda akafungua kopo, kisha akasema kadi ipo, na nyuma umeandika kwamba umesimama hapo leo na upepo ni mkali. Akaniambia nisikuulize kamwe. Akaniambia pia kwamba mwenzako aliyetumwa kabla yako alifeli akarudishwa, na mtaa mzima ulikuwa umekusindikiza, nawe ukaapa hutarudi mikono mitupu. Miezi kumi na minane, Baba, ulikijua chumba, darasa na kile kiduka cha chini ya bweni walikouza kadi. Bweni lako bado lipo. Nilisimama mlangoni nikatazama saa, nikatembea mpaka darajani mwendo wa kawaida. Ni dakika ishirini na sita.

Kwa uongo ule sikukasirikii. Uongo ule ulinifungua mkono, na hata leo nikipewa nichague nitauchagua. Ninachokikasirikia ni karatasi iliyokufungia ndani na kukufanya uniletee kadi badala ya mji. Naionea uchungu kila nikimfikiria yule kijana uliyekuwa, anaandika habari za upepo akiwa amefunga dirisha. Na sasa karatasi hiyohiyo unanitaka niitie sahihi! Kitambaa cha Bibi ulikifungua wewe. Usinifunge tena wewe.

Kwa hiyo sahihi siweki, na sanduku silifungi. Nitabaki, nitasoma, nitafaulu, nitatembea. Ratiba yako nairudisha, imekunjwa humu pamoja na karatasi ya matokeo. Ila geuza nyuma yake. Baada ya miezi minane ni mahafali yangu, nami nimekupangia siku zako nne za kuwa huku, kwa rula, rangi nne, kama ulivyonifundisha. Mstari wa kwanza unasema saa tatu asubuhi, darajani, Baba na Mashoto, bila vitabu. Jumanne saa nane ni shimoni, kofia yako imeshawekwa. Dakika ishirini za kupumzisha goti zipo. Chini nimeacha nafasi ya sahihi. Nichague moja, uliniambia. Nami nakwambia weka sahihi hapo, uirudishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Nisalimie Mama, umwambie ndoo moja inatosha. Nisalimie majirani wote walioniulizia, na mwenye miwani pia, mwambie akija tena ashuke shimoni tumpe mkate, kuliko kuchungulia. Nimekuwekea na picha moja. Nimesimama chini ya mtu wa jiwe nimeinua mkono wangu. Mpita njia niliyempa simu anipige picha alinionyesha kwa ishara kwamba nimekosea mkono, niinue ule mwingine. Nilikataa.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mashoto